Benchi la Wafiwa

Nilivaa gauni jeusi, koti la sufu na viatu vya kisigino kifupi. Kwenye kioo cha chumba chetu cha kubadilishia nguo nikamwona mwanamke anayekwenda kumzika bibi wa mpenzi wake. Kisha Dagfinn akanikabidhi redio ya mawasiliano na simu ya kazi, na mwanamke yule akatoweka. Akabaki askari magereza aliyevaa gauni.

"Umependeza," Dagfinn alisema. "Umependeza mno kwa mtu anayekwenda kumlinda mfungwa."

"Ni msiba, Dagfinn. Ulitaka nivae suruali ya mazoezi?"

"Mimi nimesema umependeza tu. Makali ya nini?"

Mkono wangu ulikuwa ukipapasa kiunoni kutafuta funguo ambazo hazikuwepo. Sisi tukimpeleka mfungwa msibani hatuvai sare. Tunakwenda wawili, tumevaa nguo za kiraia, na kama mtu si wa hatari hafungwi pingu, ili familia isiaibike mbele ya kijiji. Ni desturi nzuri, na kwa miaka yote nimeisifia mbele ya wageni wanaokuja kutembelea gereza letu. Siku ile niliilaani tangu nilipofunga zipu ya gauni.

Mpango wangu ulikuwa mwingine kabisa. Nilikuwa nimeomba ruhusa siku hiyo, nikamdanganya mkuu wetu Bodil kwamba nakwenda kwa daktari wa meno. Nilimwahidi Sjur kwamba nitakaa naye benchi la mbele, pale wanapokaa wafiwa; wenzangu wakiniona, nilijiambia, nitajieleza baadaye. Ila asubuhi hiyo mwenzetu mmoja akaamka na homa, Bodil akanipigia simu.

"Torunn, meno yako yanaweza kusubiri. Nahitaji mtu wa pili wa kwenda na Aslak kumzika bibi yake."

"Hapana" ilinifika kwenye ncha ya ulimi. Lakini ningesema hapana, ingebidi niseme na sababu. Na sababu ndiyo hiyo niliyokuwa nimeifungia kifuani tangu Aslak alipoletwa kwetu baada ya mwaka mpya: kwamba Sjur ni kaka yake, na kwamba Sjur ni wangu.

Sheria yetu haina kona. Askari mwenye ukaribu na mfungwa lazima aseme, na akishasema, mmoja wao anahamishwa. Gereza letu la Skardal ni dogo, lina korido moja, hakuna pa kumficha mtu. Gereza jingine liko ng'ambo ya mlima, siku nzima ya kuendesha gari, na barabara yake hufungwa na theluji wakati wowote ikijisikia. Akihamishwa Aslak, mama yake hatamwona mpaka kiangazi. Nikihamishwa mimi, nitamkosa Sjur. Kwa hiyo nikanyamaza, nikijiambia nitasema wiki ijayo, halafu ile wiki ijayo ikija nilikuwa naisogeza mbele.

"Sawa, Bodil," nikasema. "Nitakwenda."

Nilimpigia Sjur. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikawa hivyo hivyo.

*

Dagfinn aliendesha, mimi na Aslak tukakaa nyuma. Aslak alikuwa amevaa suti ya marehemu baba yake, mikono imemfupia, vifundo vyake vyekundu vinachungulia nje. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi. Usiku mmoja alilewa, akashika usukani, akamvunja jirani miguu yote miwili. Hajawahi kujitetea. Hilo lilinifanya nimheshimu, ingawa kumheshimu mfungwa ambaye ni shemeji yako ni balaa juu ya balaa.

Dagfinn alipoongeza sauti ya redio ya gari, Aslak aliniinamia.

"Sjur anajua unakuja hivi?"

"Hajui. Hapokei simu."

"Yuko na Mama tangu jana, simu ameiacha kwenye gari lake la kukusanyia maziwa." Alinitazama gauni, akatazama ile redio niliyoificha ndani ya koti. "Ee Mungu wangu. Shemeji, leo umekwisha."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Afande?"

"Aslak, nakuomba."

"Usijali. Mimi nitakaa katikati yenu. Nimezoea kuwa ndani ya matatizo."

Nje, theluji ya Machi ilikuwa imeanza kuoza mitaroni, kila kitu kinadondosha maji. Miguu yangu haikutulia. Nilikuwa naikunja, naikunjua, mpaka Dagfinn akanitazama kwenye kioo.

"Una nini wewe? Unataka choo?"

"Meno," nikasema.

*

Sjur alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa akipeana mikono na waombolezaji. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amenyoa ndevu, na shingoni alikuwa na tai ile ya kijivu niliyomnunulia mimi, amefunga vibaya kama kawaida yake. Nilitamani nimkimbilie niifunge upya. Sjur ni mtu mkubwa, mabega mapana, anayebeba mabomba ya mpira ya kuvutia maziwa kwenye mashamba ya bonde zima. Siku ile alionekana kama mtoto aliyepotezana na watu wake sokoni.

Akainua macho, akaniona. Uso wake ulifunguka wote. Niliuona moyo wake ukishuka na kutulia, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mzigo kisha akaambiwa autue. Akapiga hatua kunijia.

Ndipo akamwona Dagfinn nyuma yangu. Akamwona Aslak kando yangu, na jinsi nilivyosimama, nusu hatua nyuma ya kiwiko chake, kama tunavyosimama sisi. Tabasamu lile likazimika huku nalitazama.

"Umekuja kikazi," akasema, kwa sauti ya chini.

"Nilipiga simu."

"Umekuja kikazi, Torunn."

"Pole kwa msiba," nikasema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu Dagfinn alikuwa amenikaribia, nikamnyooshea mkono mpenzi wangu kana kwamba simjui. Aliushika. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, na aliuachia upesi.

Herborg, mama yao, alimkumbatia Aslak pale mlangoni kwa muda mrefu. Mimi hakunipa mkono. Alinikata jicho kuanzia viatu hadi nywele, akageuka akaingia ndani.

Aslak alikuwa mjukuu wa marehemu, mahali pake palikuwa benchi la mbele. Na kanuni inasema askari mmoja awe karibu na mfungwa, kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kwa hiyo nilikaa benchi la mbele. Pale pale nilipomwahidi Sjur kwamba nitakaa. Sjur upande mmoja, Aslak katikati, mimi pembeni, na Dagfinn benchi la nyuma yetu, akipumua kisogoni mwangu. Jeneza jeupe lilikuwa mbele yetu limefunikwa maua. Ndani yake alilala bibi Ingeleiv, aliyekuwa akinipikia vikeki vya waffel kila Jumapili na kuniuliza mbele ya familia nzima lini nitazaa. Nilimpenda yule bibi. Nilitaka kulia, na askari hatakiwi kulia kwenye msiba wa mfungwa.

Kisha Shangazi Magnhild akafika. Alikuwa ametoka mjini, haoni vizuri, hasikii vizuri, na watu wa namna hiyo huongea kana kwamba sote ni viziwi. Alimbusu Herborg, akambusu Sjur, akambusu Aslak, akanifikia mimi akasita.

"Na wewe, mwanangu, ni wa nani hapa?"

Kengele zilikuwa bado hazijaanza. Kanisa zima lilikuwa kimya. Sjur aligeuza kichwa. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba. Nilihisi pia macho ya Dagfinn shingoni, kama pasi ya moto.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi tu, ni wa Sjur, mtoto wa miaka mitatu angeyasema.

"Niko na Aslak," nikasema.

"Aaa!" Shangazi akapiga makofi madogo ya furaha. "Herborg, hujaniambia kama Aslak amepata mchumba! Na huko huko aliko! Basi hata gerezani kuna heri!"

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Aslak aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sjur aligeuza uso akatazama jeneza, na tangu hapo hakunitazama tena. Tulipoambiwa tusimame kuimba, alisogea upande wa mama yake, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yake na Aslak.

Waliimba. Mchungaji akaongea. Sikusikia kitu. Wakati wa kubeba jeneza, Sjur na Aslak walishika vishikio vya mbele, mimi nikatembea ubavuni mwa Aslak mpaka kaburini, nikiteleza kwenye tope la theluji kwa viatu vyangu vya kipuuzi. Nilisimama karibu na kaburi kuliko majirani waliomjua bibi maisha yao yote. Na hakuna aliyekuwa mbali zaidi yangu.

*

Baada ya mazishi tulikwenda ukumbi wa kijiji. Meza zilijaa supu ya nyama, mikate yenye samaki wa samoni, chapati laini za lefse zilizopakwa siagi na sukari, na keki ambazo akina mama walikuwa wamezioka usiku kucha. Dagfinn alikaa na Aslak karibu na mlango, akaanza kula kama mtu aliyetoka kwenye mfungo. Mimi sikugusa kitu.

Sjur alipita nyuma ya kiti changu na birika la kahawa.

"Nyuma kwenye kuni," akasema bila kusimama.

Nikamwambia Dagfinn nakwenda kuvuta hewa. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na samoni yake.

Sjur alikuwa ameegemea rundo la kuni, tai ameifungua, imening'inia. Nilisogea. Akainua kiganja.

"Simama hapo hapo."

"Sjur, Bodil alinipigia asubuhi, sikuwa na..."

"Sikuulizi habari za Bodil. Bibi yangu alikuwa kwenye jeneza, hatua chache tu. Umeulizwa wewe ni wa nani. Ukasema nini?"

"Dagfinn alikuwa nyuma yangu."

"Ukasema nini, Torunn?"

"Nimesema niko na Aslak."

"Haya." Alicheka kicheko kikavu. "Angalau tumesikia wote wawili."

"Ningesema ukweli pale, kesho wangemhamisha Aslak! Unataka mama yako avuke mlima kwa basi kwenda kumwona? Mimi nanyamaza kwa ajili yenu!"

"Kwa ajili yetu?" Alinyanyuka kutoka kwenye kuni. "Usinibebeshe mzigo wako. Nani alikuambia wamhamishe Aslak? Ungeweza kusema wakuhamishe wewe. Hukusema. Unaijua sababu?"

"Kwa sababu ningekuwa mbali nawe!"

"Kwa sababu unaipenda hiyo kazi kuliko unavyonipenda mimi, na unaogopa kuchagua. Unanipenda jikoni, mapazia yakiwa yamefungwa. Nikikukuta dukani unanisalimia kama mteja wa benki. Miezi hii yote nimevumilia, nikasema basi, siku ya bibi atakaa na mimi. Siku moja tu." Sauti ilimkatika. "Mimi naendesha gari la maziwa. Kila mtu bondeni anajua niko wapi saa ngapi. Sijui kuishi kwa kujificha. Sitaki kujifunza."

"Sjur, nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Na bado leo nimekaa peke yangu."

Ningejibu, lakini mlango wa jikoni ulifunguka. Herborg alitoka na ndoo ya mabaki. Aliitua chini polepole, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, ingia ndani," Sjur akasema.

"Nitaingia nikimaliza." Alinigeukia. "Nimekaa kimya tangu Januari kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anakupenda, na alikuwa anaumwa. Leo tumemzika. Kila jioni unamfungia mlango mwanangu mmoja, unageuza ufunguo, halafu unawasha gari unakuja kulala na mwanangu mwingine. Hebu nieleze, unafanyaje? Usingizi unakujaje?"

"Haunijii, Herborg," nikasema. Na ulikuwa ukweli mtupu. "Tangu Januari sijalala."

"Basi vizuri. Tuko wawili." Akaokota ndoo. "Na ukithubutu kusema huko kazini, wakamchukua wakampeleka ng'ambo ya mlima, usinikanyagie tena kizingiti changu."

Akaondoka. Sjur alibaki kidogo, ananitazama. Nilisubiri anisogelee. Alifunga vifungo vya koti lake.

"Nimechoka kukungoja ukiwa mbele ya macho yangu," akasema, akaingia ndani.

*

Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Nilizunguka rundo la kuni, nikarudi, nikazunguka tena, kama wafungwa wetu wanavyozunguka uwanjani. Viatu vilikuwa vimelowa. Nilikuwa na hasira na Sjur kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mimi naipenda kazi yangu. Napenda kuona mtu aliyekuja kwetu hawezi hata kuamka asubuhi akiondoka anajua kupika na kujipangia siku. Napenda kuwa Torunn wa Skardal anayeheshimiwa mpaka na wakorofi. Na nilikuwa nimempa Sjur makombo ya heshima hiyo, nikitegemea ashukuru.

Dagfinn alitokea kwenye kona, na Aslak kando yake ameshika sahani ya keki.

"Kijana alitaka hewa," Dagfinn akasema. "Na mimi nataka kuuliza. Meno yanaendeleaje?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nimekaa na wafungwa miaka thelathini na mbili, Torunn. Naijua sura ya mtu anayeficha kitu. Pale kanisani nimeiona ikiwa imevaa gauni."

"Mimi sijasema chochote," Aslak akasema, mdomo umejaa.

"Wewe kula keki." Dagfinn alinitazama bila ukali, na hilo ndilo lililonivunja. "Ni kaka yake?"

"Ni kaka yake," nikasema. "Tangu kiangazi cha mwaka juzi."

Alishusha pumzi. "Nikifika gerezani itabidi niseme. Siwezi kujifanya kipofu, nakaribia kustaafu, nataka niondoke na jina langu. Lakini naweza kwenda chooni kwanza, na huwa nakaa sana. Utasema wewe, au nitasema mimi?"

Nilimtazama Aslak.

"Nikisema, wanaweza kukupeleka mbali."

Aliacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha.

"Mimi nilimvunja mtu miguu," akasema. "Usinifanye mimi ndiye kisingizio chako, shemeji. Sjur alikuwa na bibi na wewe. Bibi ameshaondoka."

Nikatoa simu ya kazi. Nikabonyeza vibaya, nikarudia.

"Bodil, ni mimi. Kuna jambo nilipaswa kukuambia Januari."

Nikalisema lote, bila kupamba.

"Kwa hiyo hukuwa na daktari wa meno," Bodil akasema.

"Sikuwa."

"Hilo ndilo linaloniuma. Mengine nitayashughulikia, lakini umenidanganya usoni."

"Najua. Naomba kitu kimoja. Usimhamishe Aslak. Nihamishe mimi. Nipeleke ng'ambo ya mlima, niondoe kazini, nitakubali lolote. Mama yake hawezi kusafiri."

"Huna nafasi ya kupanga masharti, Torunn."

"Sipangi. Naomba."

Alivuta pumzi ndefu. "Mpe Dagfinn redio na simu. Kuanzia sasa huna zamu. Namtuma Ottar aje, mpaka afike Aslak abaki hapo hapo na Dagfinn. Jumatatu asubuhi uje ofisini kwangu."

"Na kazi yangu?"

"Jumatatu," akasema, akakata.

Nilimpa Dagfinn redio, nikampa simu. Koti lilikuwa jepesi ghafla, na mimi mwenyewe nilijihisi nimevuliwa kitu mbele za watu.

"Ngoja kwanza," Aslak akasema. "Ina maana nimeongezewa muda wa kukaa na Mama?"

"Mpaka Ottar afike," Dagfinn akajibu. "Na anaendesha taratibu."

Aslak akaingia ndani mbio kama mtoto, Dagfinn akimfuata nyuma na kulalamika juu ya magoti yake.

*

Nilipoingia sikujua pa kukaa. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha askari, na mimi sikuwa tena askari. Meza ya familia ilikuwa mbele, na huko hakuna aliyenialika. Nikasimama karibu na makoti. Nilimwona Aslak akimnong'oneza mama yake. Nilimwona Herborg akiweka kikombe chini. Sjur alikuwa upande wa pili akimsikiliza mzee mmoja, mgongo amenipa.

Herborg alikuja. Alisimama mbele yangu, mdogo, mkavu, macho mekundu.

"Aslak anasema umewaambia."

"Nimewaambia."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza. Nimeomba wanihamishe mimi, yeye abaki. Sijui kama watakubali. Siwezi kukuahidi."

"Wakuhamishe wapi?"

"Popote. Au wanifukuze."

Alinitazama kwa muda, akiwa ameuma midomo. Nilijiandaa kwa lolote, hata kofi.

"Umekula?"

"Hapana."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

"Mjinga," akasema. Akanishika kiwiko, akanipeleka mezani, akaniwekea bakuli la supu. Hakutabasamu, na sikudhani kwamba amenisamehe. Supu ilikuwa imepoa. Nikaila yote, machozi yananidondokea humo humo, na Shangazi Magnhild akinipigapiga mgongoni akinihakikishia kwamba kifungo cha Aslak kitaisha upesi tutafunga ndoa.

Sjur alinitazama mara moja tu kutoka kule alikokuwa. Sikuweza kusoma uso wake. Akainuka akaenda jikoni.

Ottar alifika jua likiwa bado juu. Alisimama mlangoni akijifuta viatu, akapaza sauti kwa upole, kama tunavyofundishwa.

"Poleni sana. Tunaondoka na Aslak. Familia wanaweza kuja mpaka kwenye gari. Wengine naomba mbaki ndani."

Nayajua maneno hayo, nimeyasema mara nyingi mno. Ottar aliniona, akasita, hajui anihesabu upande gani. Mimi mwenyewe sikujua. Watu wa familia waliinuka, wakavaa makoti, wakapita mbele yangu. Nikabaki nimekaa, mikono mapajani.

Herborg alirudi kutoka mlangoni.

"Umeganda nini?" akasema. "Gari linaondoka. Inuka."

Nikainuka.

Nje, Aslak alimkumbatia mama yake, akamkumbatia kaka yake, akanikumbatia na mimi kwa nguvu, mbele ya Ottar na Dagfinn, na kijiji kizima kikichungulia madirishani. Kisha akaingia. Dagfinn akaufunga mlango wa gari. Miaka kumi na moja nimefunga milango hiyo kwa mkono wangu, na siku zote nilimwambia dereva aondoke haraka, mfungwa asipate nafasi ya kutazama nyuma. Nilidhani ni huruma. Sikuwahi kusimama huku, nikamwona mtu akigeuza kichwa kwenye kioo cha nyuma, uso wake unazidi kuwa mdogo, na mama yake anapunga mkono hewani kwa gari ambalo halionekani tena.

Waliobaki wakaanza kurudi ndani mmoja mmoja. Herborg akaenda. Nikabaki na Sjur, kila mmoja amesimama kwenye kidimbwi chake cha theluji iliyoyeyuka.

"Bado nimekukasirikia," akasema, anatazama barabara.

"Najua."

"Nimekukasirikia kweli. Usidhani supu ya Mama imeniponya mimi."

"Sidhani."

"Jumatatu watakufanya nini?"

"Sijui. Naogopa, Sjur. Sijui mtu wa namna gani nitakuwa bila kazi ile."

Upepo ulichukua ile tai yake iliyofunguka ukaitupa begani.

"Jumatatu huwa nina mzunguko wa asubuhi," akasema. "Nitabadilishana na mtu. Nitakupeleka."

"Hutaruhusiwa kuingia."

"Sitaki kuingia. Nitakaa nje ya lango. Ukitoka utanikuta."

Nimewaona watu wakisubiri nje ya lango lile kwa miaka yote hiyo. Wake, akina mama, akina baba wenye maua ya dukani, wamesimama mvuani wakitazama mlango mdogo wa chuma. Nimewapita kila asubuhi na funguo zangu kiunoni, nikiwasalimia kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisubiri mimi.

Nikalia pale pale barabarani, kwa sauti, bila kujificha.